Mama Yumo Sehemu ya Kwanza

Jumapili ile Lucy alifunga cherehani mapema, jambo ambalo majirani zake wa Kilakala hawakulizoea. Fundi yule hushona hata sikukuu. Mpelekee gauni la ubatizo asubuhi ya ubatizo wenyewe, atakusema mpaka ujute kumfahamu, kisha utaondoka na gauni lako limenyooka. Lakini siku hiyo, ilipofika saa tisa na nusu alasiri, alikunja vitambaa, akafagia nyuzi, akaipangusa tivii kwa pindo la kanga, akaketi mbele yake mikono mapajani.

Saa kumi tamthilia mpya ilikuwa inaanza. Tangazo lake lilikuwa limerushwa mwezi mzima: ukungu, ngoma, na sauti nzito ya mwanamume ikisema kwamba dunia imekwisha na umebaki mlima mmoja. *Mlima Uliobaki*, ndivyo ilivyoitwa. Mji mzima wa Morogoro uliingoja kwa kuwa ilipigwa picha hapahapa, huko juu Uluguru. Lucy aliingoja kwa sababu yake mwenyewe, na sababu hiyo aliijua yeye na binti yake Janeth wa miaka kumi na mitano, basi. Mama yake Lucy alikuwamo katika sehemu ya kwanza. Na mama yake Lucy alikuwa ameshazikwa tangu Aprili.

Hebu tuliweke wazi jambo hili sasa, maana tamthilia ikianza hakuna atakayetusikiliza.

Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Bibi Rosa, mama yake Lucy, alikuwa na shamba zuri Matombo, migomba juu, pilipili manga na mdalasini chini, na alikuwa na binti mmoja tu wa kumwachia. Krismasi ya mwaka juzi, mbele ya wajomba na mama wadogo, alimwuliza binti huyo atarudi lini kwenye ardhi yake. Lucy alikuwa ameshiba pilau na amejaa mji kichwani. Akajibu, "Milima hiyo mwachieni ngedere. Mimi siwezi kuzeeka napanda na kushuka."

Ulimi hauna mfupa. Wajomba waliangalia sahani zao. Bibi Rosa aliweka chini kijiko chake, akakipanga vizuri kando ya sahani, akasema taratibu, "Basi na mimi nikifa usinizike."

Watu husema mengi wakikasirika, lakini neno hilo halisemwi ovyo. Mzazi akikuambia hivyo amekushusha mgongoni. Lucy aliondoka kesho yake alfajiri bila kuaga, na kwa zaidi ya mwaka mmoja kila mmoja alikaa kwake akimngoja mwenzake aanze. Mwana hutazama kisogo cha nina. Kama mama alikuwa mkaidi, binti alikuwa ameusomea ukaidi huo tangu akiwa mgongoni. Walisalimiana kwa kupitia kaka mtu, Severini, ambaye alibeba salamu huku na huku mpaka akachoka.

Kisha ikaja masika ya mwaka huu, na kifua kikambana Bibi Rosa kwa siku nne tu. Simu ya Severini ilimkuta Lucy kwenye cherehani. Aliondoka vilevile alivyokuwa, na sindano imechomekwa kifuani mwa blauzi. Mbele ya Kiroka barabara ilikuwa imekatwa na maji. Magari yalisimama. Lucy alivua viatu akaenda kwa miguu katika utelezi, akianguka na kuinuka, na alipofika kwao kaburi lilikuwa limeshafunikwa na msalaba umesimamishwa. "Tungekungoja, dada," Severini alimwambia, "lakini ilikuwa siku ya tatu, na mwili haungojeki."

Kwa hiyo lile neno la Krismasi lilitimia lenyewe. Aliambiwa asimzike mama yake, na hakumzika. Tangu siku hiyo Lucy alijijua kuwa ni mtoto asiye na radhi, na radhi ya mama ukishamfukia mama utaiomba kwa nani? Alishona, alipika, alicheka na wateja, na ndani alikuwa amekufa ganzi.

Ni katika matanga hayo ndipo Severini alipomweleza habari za tamthilia. Mwezi Februari walikuja vijana kutoka Dar es Salaam na makamera, wanatafuta ukungu. Walitaka pia mzee mwenye uso wa kutazamika, wakamchagua Bibi Rosa. Walimwambia aseme lolote kwa Kiluguru, wao wataweka maneno yao chini ya picha. Nyumbani pote walifukuzwa wakakae nyuma ya migomba wasije wakapiga kelele, hivyo hakuna ndugu hata mmoja aliyesikia alichosema.

Basi Lucy alitaka kitu kimoja. Alitaka kuuona uso wa mama yake wa Februari, miezi miwili kabla ya kifo, aone kama ile hasira ya Krismasi bado ilikuwamo. Aliamini kwamba akiuona atajua. Na alitaka kuuona akiwa peke yake na mwanawe.

Lakini Jumapili sebule ya Lucy huwa ya mtaa. Saa kumi kasoro dakika tano mlango ulisukumwa akaingia Bi Mwajuma, jirani wa nyumba ya tatu, mzee wa Kinole, Mluguru kama yeye, aliyeshuka mjini miaka arobaini iliyopita na hajaacha hata siku moja kuisifu Kinole.

"Shikamoo, Bi Mwajuma," Lucy alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa leo wanaonyesha mwisho wa dunia. Nimekuja niuone kabla haujanikuta."

Nyuma yake akaja Maneno, kijana wa bodaboda, amekumbatia kofia yake ya pikipiki. Maneno ni kijana mwema sana isipokuwa kwamba hajui kunyamaza. Bi Mwajuma hakusoma, na macho yenyewe yameshaanza kumtupa hata hukaa karibu kabisa na tivii, hivyo Maneno alikuwa amejipa kazi ya kumsomea kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo, hata namba za simu za matangazo ya sabuni.

"Shikamoo, Mama Janeth. Tumewahi?"

"Marahaba. Mmewahi," alisema Lucy. Janeth alimtazama mama yake kwa jicho la kumwuliza awafukuze au vipi. Lucy akatikisa kichwa. Angewafukuza kwa kusema nini? Angesema mama yangu anakuja hewani na mimi sikumzika? Hilo hakuwa amelisema Kilakala nzima. Watu walijua tu kwamba alifiwa.

Mvua ya vuli ikaanza kugonga bati, polepole, na tamthilia nayo ikaanza.

Kwanza hapakuwa na kitu, kioo cheupe tu. Maneno alitaka kuinuka akapige king'amuzi kofi. Kisha ule weupe ukasogea, wakaelewa kuwa ni ukungu. Ndani yake akatokea kijana mmoja anatembea, mgongoni amebeba dumu tupu, na nyayo zake zikasikika kwenye lami.

"Huyo ndiye steringi," Maneno alimwarifu Bi Mwajuma. "Usiogope, bibi, steringi hafi."

Chini yakaandikwa maneno, naye akayasoma: "'Mwaka wa saba tangu maji yaoze.'"

Steringi alikuwa anatoka Dar es Salaam kwa miguu. Barabara ile ambayo Lucy aliijua kwa honi na moshi ilikuwa imelala kimya, majani yametoboa lami katikati. Alipita Mikese. Vibanda vilikuwepo, watu hawakuwepo. Kwenye meza moja viazi vilikuwa vimepangwa mafungu mafungu na kuota machipukizi marefu yaliyotambaa mpaka chini. Lori lilisimama pembeni na mti umeingia kwa dirisha moja ukatokea la pili. Hapakuwa na muziki hapo, upepo tu na zile nyayo.

"Wamewezaje kuwaondoa watu wote Mikese?" Janeth aliuliza.

"Walipiga alfajiri," Maneno alijibu kwa uhakika wa mtu asiyejua. "Na hayo majani ni ya kompyuta. Lakini huyu jamaa dunia imeisha miaka saba, nywele kachonga kwa nani?"

Wakacheka. Hata Lucy alicheka kidogo. Kisha steringi akaingia Morogoro mjini, na kicheko kikakoma chenyewe, kwa sababu si jambo jepesi kuutazama mji wako umekufa. Stendi ilikuwa tupu, mbuzi wamelala kwenye viti vya kungojea. Nguo zilikuwa bado zinaning'inia kwenye kamba uani mwa mtu, zimepauka mpaka zote zimekuwa rangi moja. Kamera ilipita taratibu juu ya mabati yenye kutu, na nyuma ya mabati milima ilisimama ileile, bluu, haijali.

"'Wote waliobaki wamepanda juu,'" Maneno alisoma. "'Kule maji bado ni maji.'"

Steringi alikuwa anaelekea Matombo.

Ni hapo Lucy alipoanza kupotea. Tangu Aprili alikuwa akiota ndoto moja. Anapanda njia ya kwao, ukungu umeshuka mpaka magotini, miguu yake haitoi sauti. Anapita nyumba baada ya nyumba na milango yote iko wazi. Kila jikoni kuni zinafuka, chungu kiko juu ya mafiga, lakini mtu hakuna. Anaita, na sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde, imetoka kinywani mwa mtu mwingine. Kila mara aliamka kabla ya kufika kwao.

Sasa ile ndoto ilikuwa kwenye tivii saa kumi na nusu ya mchana, majirani wanaitazama. Njia ilikuwa ileile. Ukungu ulikuwa uleule. Steringi aliita, "Hodi! Kuna mtu?" na sauti yake ikaenda bondeni ikarudi imechoka. Migomba ilitikisika bila upepo. Lucy hakujua tena kama ameketi Kilakala au anapanda. Nyayo za yule kijana zilikuwa zake. Alihisi baridi ya udongo chini ya miguu, akahisi harufu ya mdalasini uliolowa, na hapo kwenye kochi lake alikaza vidole vya miguu asiteleze.

Bi Mwajuma aliharibu ndoto. "Ngoja kwanza," alisema. "Hawa waliobaki wanaishije?"

Kwenye kioo walionekana watu wachache kando ya kijito. Mmoja alikuwa anachoma mihogo. Mwingine alichota maji kwa kibuyu. Mtoto mmoja alimfukuza kuku.

"Wanaishi kwa shida, bibi," Maneno alisema. "Hawana umeme, hawana simu, hawana gari. Wanakula mihogo."

"Na maji ya mtoni?"

"Na maji ya mtoni."

"Sasa hapo kilichoisha ni nini?" Bi Mwajuma alisema. "Hiyo si Kinole hiyo!"

Maneno alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Janeth naye akacheka akijiziba mdomo. Mvua ilikuwa imeongezeka, bati lilivuma, na ilibidi kila mtu apandishe sauti. Lucy hakucheka safari hii, maana nyuma ya wale watu wa kijito alikuwa ameuona mlango.

Ulikuwa mlango wa kwao, wenye ubao mmoja mpya kati ya mbao kuukuu. Katika ndoto hakuwahi kuufikia. Steringi alikuwa anauendea sasa, taratibu, na dumu lake. Mlango ukafunguka kutoka ndani.

Mama yake akatoka.

Walikuwa wamemvika magunia. Jicho la Lucy likakimbilia huko kwanza, jicho la fundi, likaona mishono ya ovyo na uzi mweupe kwenye gunia la kahawia, na akapandwa na hasira ya kijinga kabisa, kwamba wamemvika mama yangu nguo isiyokunjwa pindo. Alikuwa amekonda kuliko alivyomwacha. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Lakini alisimama vilevile, mguu mmoja mbele, kama anayengoja mtu amalize upuuzi wake ili yeye aseme. Mkononi alishika kata ya maji.

Janeth aliushika mkono wa mama yake akaubana.

Bibi Rosa hakumtazama steringi. Wale vijana wa Dar huenda walimwambia amtazame, huenda hawakumwambia, lakini alimpita kwa macho akaja moja kwa moja kwenye kioo, akamkuta Lucy pale alipoketi. Ule uso aliokuwa akiungojea miezi saba ulikuwa mbele yake, na Lucy alipoutazama asome, hakusoma kitu. Ulikuwa uso wa mama tu, mkavu, umetulia. Bibi Rosa akafungua mdomo akaanza kusema, na hapohapo chini yakatokea maandishi meupe.

"'Wewe uliyetuacha,'" Maneno alisoma kwa sauti kubwa, aishinde mvua.



"'Wewe uliyekimbilia mabondeni ukatudharau. Nakulaani.'"

Sauti ya mama yake ilikuwa chini ya sauti ya Maneno na chini ya mvua, mvumo tu, hausikiki neno. Maandishi yalisimama pale meupe, kila herufi wazi. Lucy alikuwa ametaka jibu, na jibu ndilo hilo. Mwanamke wa watu alikuwa amebaki na hasira yake mpaka Februari, akaipeleka kwenye tivii nchi nzima iishuhudie, na binti alikuwa amekaa na majirani anasomewa laana yake na dereva wa bodaboda. Kuna maumivu ambayo hata kulia hayakungoji. Alitaka kuinuka akazime.

"'Maji haya yatakuua wewe na—'"

"Hasemi hivyo," alisema Bi Mwajuma.

"Imeandikwa hivyo, bibi."

"Imeandikwa na nani? Nyamaza wewe! Huyo ni mtu wetu, nimsikie mwenyewe. Hasemi hivyo hata kidogo."

Maneno akanyamaza, labda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Lucy alishuka kutoka kwenye kochi akaenda kwa magoti mpaka kwenye tivii, akaweka sikio penye spika, shavu likagusa plastiki yenye joto. Mvua ikabaki juu ya bati. Ndani ya sikio lake ikaingia sauti ya mama yake, Kiluguru cha Matombo chenyewe, kinachopanda na kushuka kama njia zake.

"...Masika, mwanangu, unanisikia?"

Lucy ni jina la padri. Masika ni jina alilopewa kabla padri hajamwona, kwa kuwa alizaliwa mvua kubwa zikimwagika. Waliomwita hivyo walikufa mmoja mmoja mpaka akabaki mama yake, na hata yeye alilitoa jina hilo siku za homa tu, au siku za furaha kubwa. Krismasi ile hakulitumia. Hapa Kilakala hapakuwa na mtu aliyelijua, hata mume wake marehemu hakulijua.

"Najua uko hapo," mama yake aliendelea kusema, hana haraka. "Tamthilia gani imewahi kukupita wewe? Unashona macho yako tivii, siku moja utajishona kidole. Nilikuwa sijui nikupate wapi. Kukupigia simu nimeona aibu, na kuja mjini mguu umekataa. Hawa watoto wamesema nitaonekana kila mahali, nikasema haya, basi na kwa Masika nitaonekana."

Chini, maandishi yaliendelea kulaani. Hakuna aliyeyasoma.

"Lile neno la Krismasi nimelila mwenyewe. Nilisema kwa hasira, na hasira zangu unazijua, unazo hizohizo. Siku yangu ikifika, ukiwahi, njoo unizike. Usipowahi, hesabu kwamba umenizika. Nimeshakuambia. Shamba halikimbii, na wewe usikimbie. Kaa salama na mtoto wako."

Akainua kata. Steringi, ambaye kwa mujibu wa hadithi yao alikuwa na kiu ya siku tatu, alinyoosha mkono. Bibi Rosa hakumpa. Alipiga funda moja, akalishika mdomoni mashavu yamejaa, akafumba macho kidogo, kisha akapuliza. Maji yakaruka kwa mvuke mwembamba, yakapita bega la yule kijana, yakaigonga kamera. Kioo chote kikajaa matone, na nyuma ya matone uso wa mama yake ukawa unayeyuka na kurudi, unayeyuka na kurudi. Lucy aliruka nyuma akashika kifua. Kilikuwa kikavu, lakini viganja vyake vilikuwa vinakisugua, vinasambaza maji yasiyokuwepo kutoka shingoni mpaka tumboni, kama wafanyavyo watoto wote wa huko juu wakipuliziwa, bila ya kufundishwa.

Ngoma zikalia kwa kishindo. Steringi alianguka akatambaa kinyumenyume akikimbia, amejaa hofu. Picha ikawa nyeusi. Yakapanda majina ya waigizaji, na katikati ya majina yale likapita moja ambalo Janeth alilisoma kimoyomoyo: *Bibi wa Laana, Rosa*. Tangazo la mafuta ya kupikia likafuata, watu wanene wanacheka mezani.



"Dah," Maneno alisema. "Yule bibi kiboko. Amenitisha kuliko mwisho wa dunia wenyewe. Mchawi yule, anatemea watu sumu!"

"Mchawi ni wewe," Bi Mwajuma alimkata. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na hao walioandika ni vipofu wanaosoma. Hukuona alivyopuliza? Mzazi akitaka kukuachia radhi anashika maji mdomoni, moyo wake wote anauweka humo, halafu anakupulizia. Mimi mama yangu alinifanyia hivyo siku nashuka Kinole, ndiyo maana mpaka leo nipo. Yule mama alikuwa hana shida na huyo kijana wenu wa dumu. Alikuwa anamwachia mtu radhi, mtoto wake, anamwita Masika. Na wao wamepiga picha, wameandika laana, wakaenda zao!" Akatikisa kichwa. "Waigizaji wote walikuwa wanaigiza, isipokuwa yeye."

Maneno alikodoa macho. "Kwa hiyo huyo Masika hajui?"

"Atajuaje? Labda hana tivii. Labda yuko mbali, amekaa na kinyongo chake anadhani kalaaniwa." Bi Mwajuma alifungua viganja vyake viwili mbele yake, kama afanyavyo baada ya swala. "Radhi isiyopokewa inazunguka tu njiani, wanangu. Sijui huyo Masika ni nani wala yuko wapi, lakini huko aliko Mungu amsaidie apokee."

Janeth alimtazama mama yake. Lucy alikuwa bado amepiga magoti mbele ya tivii, mgongo amewapa wote, mikono imebaki kifuani. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameisha, yakaja mabati, yakaja sabuni. Alifikiria zile siku zote alizowaambia watu "nimefiwa" na kuishia hapo, akalipeleka neno lingine mbele ya meno. Lilikuwa zito kulitoa kuliko alivyodhani. Akageuka.

"Masika ni mimi, Bi Mwajuma," alisema. "Yule ni mama yangu. Nimepokea."